Je, Mwanafunzi Afanye Kazi ya Ujira?

Kijana aingiapo chuoni ni mgeni wa mahali na wa desturi. Masomo yamtaka mchana na usiku, na tumbo nalo lamdai. Basi hutafuta kazi ya saa chache. Je, ni vema?

Kazi si aibu. Chuo cha Berea, katika Kentucky ya Marekani, hakitozi ada ya masomo tangu 1892, na kila mwanafunzi hufanya kazi saa 10 kwa juma au zaidi. Lakini kazi isiyowekewa mpaka hugeuka bwana, na mwanafunzi husinzia mbele ya mwalimu.

Tumtazame Paulo huko Korintho. Alishona mahema pamoja na Akila na Prisila apate riziki, na kila sabato akafundisha. Sila na Timotheo walipofika kutoka Makedonia, alijitoa kabisa kwa neno. Sindano ilimtumikia tu.

Tena ni ndugu wa Makedonia waliomtimizia mahitaji yake. Basi tukimpeleka kijana chuoni kwa maombi matupu, kisha akashindwa, lawama si yake peke yake. Yeye na afanye kazi kwa kiasi. Nasi tuuchukue mzigo pamoja naye.