Cherehani ya Mama na Samaki wa Uingereza

Mama aliuza cherehani yake ndiyo nisome chuo kikuu. Mwaka wa pili nikaachia njiani. Hajawahi kunilaumu, ila kila nikisikia "kwa faida ya wengi", naiona ile cherehani.

Mei 2025, Uingereza ilikubali meli za Umoja wa Ulaya ziendelee kuvua katika bahari yake hadi 2038. Pande zote mbili zikaahidi kulegeza ukaguzi wa vyakula mpakani. Wafugaji wa salmoni wa Uskoti walifurahi. Wavuvi wakasema wametolewa sadaka. Na hawa ndio mwaka 2016 waliingia mto Thames na mashua zao kuipigia debe Brexit, wakiamini watarudishiwa bahari yao.

Kwa hesabu, mambo ni rahisi. Uvuvi haufiki hata asilimia moja ya uchumi wa Uingereza. Wachache waumie, wengi wale. Si hesabu kama hiyo ndiyo ilinipeleka chuo?

Lakini mama aliuza chake mwenyewe. Cha wavuvi kiliuzwa na wengine. Ni kweli serikali ilitangaza pauni milioni 360 za kusaidia uvuvi na pwani. Afadhali hiyo. Ila aliyepanga bei ni yuleyule aliyeuza.

Sisemi mkataba ni mbaya. Nasema anayetoa cha mwenzake anabaki na deni, hata kama mwenzake ni mmoja tu.

Mama siku hizi anashona kwa mkono. Nimeanza kuweka pesa ya cherehani.