Nyuki Chini ya Bilauri



Nilipokwenda likizo nyumbani Utemini, mjini Singida, nikitoka katika chuo cha dini ninakofundisha ng'ambo, nilichukua kamera nipate picha za wadudu juu ya maua, ili ziwe somo kwa wanafunzi wangu. Uani palikuwa na alizeti, zao linalojulikana sana mkoani kwetu kama ilivyo asali. Nyuki walikuwa wengi, lakini kila nilipowasogelea waliruka. Nikaghadhibika. Nikamfunika mmoja kwa bilauri, nikakusudia kumtia katika jokofu baridi imlegeze, kisha nimrudishe juu ya ua apigwe picha.

Mama akaniona, akaniuliza: "Mwanangu, wataka kuwaonyesha wanafunzi wako nyuki, au mfungwa?"

Sikuwa na jibu. Nikamfungulia.

Kumbe nilikuwa nimesahau niliyokuwa nikiyafundisha! Sura ya 16 ya Kurani Tukufu, Annahl, imeitwa kwa jina la mdudu huyu. Katika aya ya 69 na 70, kwa hesabu inayoanza na Bismillahi, tunafahamishwa ya kuwa Mola ndiye aliyemfunulia makazi yake na njia zake. Tena katika hadithi iliyomo katika kitabu cha Abu Daud, Mtume Mtukufu s.a.w. amekataza kumwua nyuki. Basi ikiwa Mola amemfungulia njia, mimi ni nani hata nimzibie?

Kesho yake nilitoka alfajiri, kungali baridi. Nikapiga magoti, kamera ikawa sawa na ua, kivuli changu nikakiweka mbali. Jua lilipopanda nyuki walikuja, wala hawakunijali. Ndipo nilipoona vema: tuliitalo ua moja la alizeti ni mkusanyiko wa maua madogo mamia, na nyuki hupita juu yake akieneza chavua, mbegu zipate kujaa.

Ndugu msomaji, ishara za Mwenyezi Mungu hazitekwi. Hungojewa kwa adabu. Nawe mkulima unayenyunyizia alizeti dawa ya wadudu mchana, maua yamechanua na nyuki wamo kazini, wamwua mtumishi asiyekudai mshahara. Kama huna budi, ngoja hata jioni, warejeapo mzingani. Kila mwenye nguvu juu ya dhaifu ataulizwa.

Mwenyezi Mungu atujalie macho yenye subira na mikono yenye huruma. Amin.