AMANA HAIZEEKI PAMOJA NA MASHINE

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.



Ijumaa hii tunakuletea swali ambalo wengi hatujiulizi: kompyuta ikizeeka, ndani yake kipi ni mali yako na kipi ni cha watu? Katika shule, vituo vya afya, biro na vibanda vya kupiga chapa na fotokopi, mashine kuukuu zimelala pembeni. Siku moja anapita mnunuzi, anatoa franka kidogo, anabeba. Mwenyewe anasema: "Ilikuwa yangu, nimeiuza." Je, ni kweli?

Ukiuza sanduku, hukuuza barua za watu zilizomo. Kompyuta ya kituo cha afya ina majina ya wagonjwa na magonjwa yao. Ya shule ina madeni ya wazazi. Ya mpiga chapa ina kadi za uchaguzi, mikataba ya viwanja, barua za talaka. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mtu akikuambia neno huku akigeuka kutazama asisikiwe, neno lile ni amana, hata kama hakukuomba ulifiche. Ikiwa kugeuza shingo tu kunatosha, itakuwaje kwa mgonjwa aliyejieleza mbele ya muganga? Na katika Sura An-Nisaa, aya ya 58, tumeamriwa kuzirudisha amana kwa wenyewe. Chombo kinaharibika; amana haiharibiki pamoja nacho.

Mwingine atasema: "Mimi nilifuta kila kitu." Fahamu, ndugu yangu: kufuta faili kwa kawaida ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo katika kitabu. Kitabu chenyewe kimebaki, na fundi mwenye programu ndogo anakisoma. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Kanada walinunua diski kuukuu sokoni Ghana, wakakuta ndani yake karatasi za kampuni kubwa inayofanya kazi na serikali ya Marekani. Ikiwa wakubwa hao yamewakuta, sisi je?

Basi tuvunje zote kwa nyundo? Hapana. Sura Al-Israa, aya ya 27, inawaita wafujaji ndugu wa mashetani. Kompyuta inayowaka ni neema, na kuna kijana anayeihitaji ajifunze. Njia ya katikati ni hii: mwambie fundi unayemwamini aiandike upya diski nzima kwa programu ya kufuta, mbele yako, kabla mashine haijatoka mlangoni. Diski iliyokufa itolewe na kuvunjwa. Na zile diski mpya zisizo na sahani ya kuzunguka, kuandika juu yake hakufikii kila sehemu. Zina amri yake maalumu ya kufuta. Kama fundi haijui, ivunjwe hata vipande vyake vidogo vya ndani. Usisahau kadi za kumbukumbu na za simu.

Lipo pia jambo la sadaka. Sura Al-Baqara, aya ya 267, inatukataza kutoa kibovu ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Mashine isiyowaka, ukiipeleka madrasa na kuiita msaada, umewapa walimu takataka yako waitupe wao.

Na itatupwa wapi? Mwaka 2022 dunia ilizaa tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme, na chini ya robo ndiyo iliyojulikana kukusanywa na kushughulikiwa inavyopasa. Kobalti ya Katanga na koltani ya Kivu hutoka katika ardhi yetu, huenda mbali, kisha hurudi kwetu zikiwa ndani ya mashine zilizochoka. Nchi za Afrika zilikubaliana Bamako mwaka 1991 kukataza taka za sumu zisiingizwe barani. Lakini mkataba hauwezi kumzuia mtu kuwasha moto nyuma ya nyumba yake. Mtoto anayechoma nyaya apate shaba anavuta moshi wa plastiki wenye sumu. Kioo cha skrini kubwa za zamani kina risasi. Betri ya onduleri ina risasi na asidi. Utasema, "Lakini anapata chakula." Anapata cha leo kwa kuuza pafu lake, na wewe ndiye uliyempa kuni. Dini yetu imekataza kudhuru. Ikiwa kuondoa kidhuru njiani ni tawi la imani, kukiweka ni tawi la nini?

Kwa hiyo usichome, usitupe mtoni wala ziwani, usitoboe betri. Kisichofaa kiweke pakavu, mbali na watoto. Kinachofaa mpe fundi akitumie kwa vipuri. Betri mrudishie muuzaji anayepokea za zamani. Na jamaa wa msikiti mmoja wakikusanya pamoja, ni rahisi zaidi kumtafuta anayejua kazi hiyo kuliko kila mtu peke yake.

Ndugu yangu, mnunuzi hatakuuliza habari za waliokuamini. Yuko atakayeuliza.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kuchunga amana, na utusitiri kama tunavyowasitiri waja wako. Amin.

Wabillahi tawfiq.