Pete ya Kuchovya

Ule msemo kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu umetuzoesha vibaya. Tukisikia kitu kimechovywa dhahabu, tunakihukumu papo hapo: feki. Mimi hukumu hiyo siikubali, na sababu yangu iko Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, Malawi, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe.

Chukua mama aliyekimbia Fizi, Kivu Kusini. Kwao dhahabu huchimbwa kwa sururu na beleshi, kisha huondoka kupitia Bujumbura au Kampala mpaka Dubai. Njiani aliuza pete yake ya ndoa, watoto wapate nauli na unga. Leo amevaa ya kuchovya, aliyoletewa na mumewe kutoka Area 23, mtaa wa Lilongwe. Je, ndoa yao nayo ni ya kuchovya? Hakuna jirani atakayethubutu kumwambia hivyo. Pete hii inasema lile lile ililokuwa ikisema ya kwanza: huyu ana mwenziwe.

Kilichopungua ni akiba. Mwaka 2023 serikali ya Malawi ilipoamuru wakimbizi wanaoishi mijini warudi kambini, kwa aliyekuwa na duka huko, duka na rafu zake havikufungika katika kitambaa. Dhahabu kamili ingefungika. Ya kuchovya ingefungika pia, ila sonara asingeinunua. Kumbe pete ya zamani ilikuwa na kazi mbili, kusema na kuweka, na kwa kuwa zilikaa pamoja tulidhani ni kazi moja. Umaskini ndio uliozitenganisha, na tukaona kwamba kusema hakuhitaji gramu nyingi.

Kuchovya kwenyewe kuna masharti. Pete ya shaba husafishwa kwanza, kwa sababu penye mafuta au kutu dhahabu haishiki. Huning'inizwa ndani ya maji yenye chumvi za dhahabu, umeme ukapitishwa, na dhahabu ikaja kutulia juu yake kidogo kidogo. Mara nyingi hutangulizwa tabaka la nikeli, maana shaba ikiachwa chini ya dhahabu moja kwa moja hupenya polepole ikapanda juu.

Halafu kuna kazi ambazo ngozi ya dhahabu peke yake inatosha. Toa laini ya simu uitazame: kile kibati cha manjano kimepakwa dhahabu nyembamba kuliko unywele mara nyingi. Imewekwa pale kwa sababu haishiki kutu na hupitisha umeme vizuri. Kibati kingekuwa dhahabu tupu, simu kutoka Uvira, huko huko Kivu Kusini, isingesikika vizuri zaidi. Laini na simu hukutana kwa uso tu. Huko ndani hakuna anayefika.

Na wenye dhahabu tele je? Mapungubwe, mji wa karne ya 13 kusini mwa mto Limpopo, ulikuwa katika biashara iliyofikisha dhahabu pwani ya Waswahili. Mmoja wa wakubwa wake alizikwa na kifaru mdogo wa mti, aliyevishwa mabati membamba ya dhahabu yaliyopigiliwa kwa misumari ya dhahabu. Hawakuona aibu ya mti ndani. Mti umeoza, ngozi ipo hadi leo.

Uongo basi uko wapi? Sonara hukwaruza pete kwenye jiwe jeusi, akadondosha asidi ya nitriki, shaba ikayeyuka. Jiwe limeipima pete. Aliyoyasema muuzaji halikuyapima. Akisema "ya kuchovya, itachuja," na bei ikawa ya kuchovya, hajamficha mtu kitu. Akiiuza kwa bei ya dhahabu, amemwibia mnunuzi. Lakini linaloniudhi zaidi ni hili: watu wengine nikeli huwawasha, kidole kikavimba na kutoka vipele tabaka la juu likishalika. Muuzaji anayelijua hilo akanyamaza ana kosa hata kama bei yake ilikuwa ya haki, kwa maana mnunuzi alikubali kuvaa shaba, hakukubali kuumia.