Dini na Dola Katika Sheria ya Ndoa

Husemwa mara nyingi kwamba Serikali ya Tanzania haina dini, bali wananchi wake ndio wenye dini. Maneno haya hayatatizi pale dini inapokuwa ni sala na mfungo. Lakini ndoa je? Ndoa hufungwa msikitini, au kanisani, au mbele ya wazee wa ukoo, na papo hapo huzaa mambo ambayo dola haiwezi kuyafumbia macho: matunzo, mali iliyochumwa na malezi ya watoto. Hapo ndipo tunapolazimika kuuliza ni nani mwenye neno la mwisho.

Zamani kila jumuiya ilifuata sheria yake. Tanzania Bara ilikwisha ziondoa mahakama za makadhi kwa sheria ya mwaka 1963, na mwaka 1969 Serikali ikatoa mapendekezo juu ya sheria moja ya ndoa ili wananchi wayajadili. Wako walioona kuwa huko ni kuingilia amri za Mungu. Hata hivyo, Sheria ya Ndoa ilipitishwa mwaka 1971 kwa upande wa Bara. Zanzibar ilibaki na makadhi wake.

Aliyeogopa kwamba dini ingefutwa hakuisoma sheria yenyewe. Shehe na padri waliachiwa kazi ya kufungisha ndoa. Ndoa ya mke mmoja ilitambuliwa, na ya wake wengi ikatambuliwa vilevile. Ila Wakristo wawili waliooana kanisani hawawezi kuigeuza ndoa yao kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili wangali Wakristo. Mahali penye ugumu zaidi palikuwa talaka. Sheria ilisema kwamba ni mahakama tu iwezayo kuivunja ndoa, tena baada ya ugomvi kupelekwa kwanza katika baraza la usuluhishi. Lakini ikiwa ndoa ilifungwa Kiislamu, na baraza limeshindwa kuwapatanisha, kisha mume akatoa talaka kwa mujibu wa dini, mahakama yapaswa kukubali kwamba ndoa imevunjika na kutoa amri yake. Kwa hiyo hakimu hakupewa kazi ya kumsahihisha shehe. Talaka ile i halali au si halali mbele ya Mungu, hilo haulizwi.

Basi kwa nini apitie mahakamani? Kwa sababu baada ya talaka hubaki nyumba, shamba na mtoto. Katika shauri mashuhuri la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. (Mwanamke mwenyewe hakuambulia kitu zaidi katika shauri lile, lakini wengi waliomfuata walinufaika.) Sisi twaona kuwa hiyo ndiyo kazi halisi ya dola: si kuhukumu imani ya mtu, bali kuhakikisha kwamba imani ya mmoja haigeuki kuwa hasara ya mwingine.

Kwa kipimo hichohicho, hatuna budi kuilaumu sheria hii mahali pamoja. Ili kuziridhisha mila na dini mbalimbali, iliweka umri wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume, na wa kuolewa kuwa miaka 15 kwa msichana. Huko kulikuwa kupatana kwa watu wazima juu ya mtoto ambaye hakuulizwa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vyapingana na Katiba. Upande wa Serikali ulijitetea kwamba vilitungwa kwa kuzingatia mila, desturi na dini za wananchi, ukakata rufani. Na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaukataa utetezi huo. Ilikuwa imepita miaka 48. Hatuioni nguzo ya dini yoyote ambayo ingaliporomoka kama katika miaka hiyo msichana wa miaka 15 angaliachwa akamaliza shule.