Kosa la Mtu Mtiifu

Katika dunia yapo makosa ya namna mbili. Namna ya kwanza hutokana na kudharau kanuni. Namna ya pili hutokana na kuifuata kanuni kwa uaminifu, hata mtu akapita mahali ambapo kanuni yenyewe imekoma. Mbele ya kalamu nyekundu ya mwalimu makosa haya hufanana, kwa kuwa yote hupigwa mstari mmoja. Swali langu katika insha hii ni hili: Je, ni haki kuyahukumu kwa kipimo kimoja? Nitalijibu kwa mfano wa vitenzi vichache vya lugha ya Kihispania, lakini kwanza sina budi kuungama jambo moja.

Nilipokuwa mwalimu mpya nilifundisha Kiswahili katika kidato cha kwanza. Mwanafunzi mmoja, ambaye Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, aliandika katika daftari lake, "Kesho nitala kwa shangazi." Nililisoma mbele ya wenzake, nao wakacheka. Nikamwambia aandike "nitakula". Akasimama kwa adabu akaniuliza, "Mwalimu, kusoma hutupa nitasoma, na kulima hutupa nitalima. Mbona kula haitupi nitala?" Swali lilikuwa zuri, nami sikuwa na jibu. Badala ya kukiri hivyo nilimwambia, "Ndivyo ilivyo. Kaa chini." Darasa likacheka mara ya pili. Alikaa, na mwaka ule wote sikuuona tena mkono wake ukiinuka.

Wahenga walisema kuwa mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa mwanadamu ni mchungu. Baada ya muda nilianza kujifunza Kihispania wakati wa jioni. Chuo cha ualimu kilikuwa kimenifundisha kusahihisha watu, lakini nilikuwa nimekwisha sahau ladha ya kusahihishwa.

Mwanzo ulikuwa mwema. Wakati ujao wa Kihispania ni mwepesi kuliko nyakati zake nyingine. Mtu huchukua kitenzi kizima, kama hablar, maana yake kusema, akakiongezea mwisho: hablaré, nitasema, hablarás, utasema, hablará, atasema, hablaremos, tutasema, hablaréis, mtasema, hablarán, watasema. Vitenzi vyote, viwe vya -ar, vya -er au vya -ir, hupokea miisho hiyo hiyo 6. Nilifurahi kama mtu aliyepewa ufunguo mmoja wa nyumba nzima. Basi nilipotakiwa kuandika "nitakuwa na kitabu", nilichukua kitenzi tener, yaani kuwa na kitu, nikaandika teneré bila wasiwasi. Likapigwa mstari mwekundu. Neno sahihi ni tendré. Nikauliza sababu. Mwalimu wangu akanijibu, "Ndivyo ilivyo," na wanafunzi wenzangu wakacheka. Uso wangu uliwaka moto, na papo hapo nikamkumbuka yule kijana wa kidato cha kwanza.

Kwa uchungu huo nilianza kutafuta sababu mwenyewe. Niliona kuwa vitenzi vikuu vya tabia hii ni 12 tu. Vitano hupoteza irabu moja: podré, nitaweza, sabré, nitajua, querré, nitataka, cabré, nitaenea, na habré, ambacho husaidia vitenzi vingine. Vitano vingine hupoteza irabu vikapata d mahali pake: tendré, nitakuwa na, pondré, nitaweka, vendré, nitakuja, saldré, nitatoka, valdré, nitakuwa na thamani. Viwili vya mwisho hufupishwa zaidi: hacer, kufanya, huwa haré, na decir, kusema jambo, huwa diré. Na katika vyote 12 miisho haibadiliki hata mmoja. Shina limepinda, lakini majani ni yale yale.

Kupinda huko hakukuja kwa ukaidi. Zamani, Kilatini kilipokuwa kikigeuka kuwa Kihispania, watu waliacha namna ya kale ya kutaja wakati ujao. Wakaweka kitenzi kizima pamoja na kitenzi haber, ambacho siku zile kilikuwa na maana ya kuwa na kitu. Cantar he ilikuwa kama kusema "nina kuimba", yaani, nina wajibu wa kuimba. Polepole maneno hayo mawili yakashikana yakawa cantaré. Antonio de Nebrija, ambaye sarufi yake ya Kihispania ilipigwa chapa Salamanca mwaka 1492, alikwisha kuliona jambo hilo. Maneno yaliposhikana, mkazo wa sauti ulikaa mwishoni, na irabu iliyoutangulia ikawa dhaifu. Katika vitenzi vilivyokuwa vinywani mwa watu kila siku, irabu hiyo ililika kama kizingiti kinavyolika kwa nyayo za wapitao. Hivyo n ikakutana na r katika tenré, na ulimi, kwa kutafuta wepesi, ukaingiza d kati yao.

Mswahili hana haki ya kushangaa. Sisi husema mti mrefu, lakini kamba ni ndefu. Husema ulimi mmoja, lakini ndimi mbili. Kwetu pia n ilipokutana na r au l, d ilijitokeza. Na hapo ndipo nilipopata jibu la kijana wangu. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "nitasoma" mkazo hukaa juu ya "so", na yote ni salama. Lakini katika "nitala" ungeangukia "ta", silabi isiyozoea kubeba mkazo. Kwa hiyo "ku" hubaki kuupokea mzigo huo, nasi husema "nitakula", "atakuja", "watakufa". Kile nilichokiita "ndivyo ilivyo" kilikuwa na sababu tangu siku ile. Uvivu wangu ndio uliokosa sababu.

Sasa nalirudia swali langu. Mtu aandikaye teneré amekosa, lakini kosa lake ni ushahidi kwamba ameijua kanuni na kuiamini. Hakulisikia neno hilo kwa mtu. Amelijenga kwa akili yake. Hata baada ya kujifunza diré anaweza kukosa tena, kwa kuwa bendecir, kubariki, huwa bendeciré, na maldecir, kulaani, huwa maldeciré; naye kwa utii wake ataandika bendiré. Kumcheka mtu kama huyo ni kuuadhibu utii, na atakayeadhibiwa kwa utii wake hujifunza mambo mawili mabaya: kutofikiri na kutouliza.

Huenda msomaji akasema, "Basi, je, kila kosa lihesabiwe kuwa haki?" La, hasha. Teneré ni kosa, na mwalimu asiyelisahihisha humdanganya mwanafunzi wake. Lugha ni mali ya watu wengi, wala mtu mmoja hawezi kuigawa apendavyo. Wengi ndio wakatao shauri. Wahispania wa zamani walisema combré kwa maana ya "nitakula", kisha wengi wakairudia kanuni, na leo husemwa comeré. Huruma ninayoitetea haiondoi mstari mwekundu. Huuliza tu, kabla ya kuupiga, kosa hili limetoka wapi.

Tena msomaji aweza kusema kuwa mtoto hawezi kungoja sababu ya kila jambo kabla ya kutii. Hilo ni kweli. Nilijifunza tendré kwa moyo kwanza, na maana yake ikanijia baadaye. Lakini mtu aambiwaye "fuata sasa, sababu tutaitafuta" hutendewa kama mwanadamu. Na aambiwaye "ndivyo ilivyo, kaa chini" hutendewa kama punda. Haya hayahusu sarufi peke yake. Mgeni akosaye desturi ya nyumba, au mtoto asemaye kweli mahali ambapo adabu ilitaka kimya, mara nyingi huwa amefuata kanuni aliyofundishwa. Makosa yao hustahili maelezo kabla ya kicheko.

Wakati ujao wa Kihispania ulizaliwa katika neno la wajibu. Wakati ujao wetu, kwa maelezo ya wanasarufi wengi, ulizaliwa katika kitenzi kutaka, nacho bado huonekana kizima katika neno "atakayekuja". Niliona kuwa mimi nilikuwa na vyote viwili: nilikuwa na deni la jibu, na nilitaka kulilipa. Kijana yule alikuwa amekwisha fika kidato cha nne. Nilimwita, nikamweleza habari ya mkazo, na ya ndimi, na ya Kihispania changu kilichochekwa, kisha nikamwomba radhi. Alinisikiliza kwa adabu ile ile ya zamani, akasema, "Ahsante, mwalimu. Nilidhani mimi ndiye mjinga."

Miaka mitatu aliubeba mzigo ambao ulikuwa wangu. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba si haki kuyahukumu makosa yote kwa kipimo kimoja. Kijana msomaji, ukikosa kwa kutii, sahihisha kosa lako bila kuona haya, wala usiushushe mkono wako. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mwenye kalamu nyekundu, uliza kwanza.