Kugusana Kwenye Theluji: Nia au Matokeo?

Katika ski krosi, wanamichezo wanne huteremka mlima wa theluji kwa pamoja, wakiruka matuta na kukata kona. Saa hutumika kwenye mbio za kupanga nafasi tu. Baada ya hapo wawili wa kwanza husonga mbele, wawili wa mwisho hutolewa. Kugusana kwa bahati mbaya huvumiliwa. Kumsukuma au kumvuta mwenzako makusudi huadhibiwa.

Tendo basi lipimwe kwa nia au kwa matokeo?

Februari 17, 2022, kwenye Olimpiki ya Beijing, Fanny Smith wa Uswisi alimaliza fainali akiwa wa tatu. Waamuzi walipitia video, wakaona amemgusa Daniela Maier wa Ujerumani, wakampa kadi ya njano na kumshusha hadi nafasi ya nne. Siku tisa baadaye, kamati ya rufaa ya shirikisho la kimataifa ilimrudishia nafasi yake: mguso ule haukukusudiwa, wala haukuepukika. Wajerumani wakakimbilia Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo. Desemba pande zote zikapatana, na medali ya shaba ikawa ya wote wawili.

Fiqhi ya Kiislamu inalijua fumbo hili. Anayeua bila kukusudia hahesabiwi muuaji wa makusudi, lakini diya, yaani fidia kwa jamaa wa marehemu, hulipwa, kwa kuwa aliyepoteza amepoteza kweli. Nia humwondolea mtu lawama. Haifuti hasara ya mwenzake.

Kwa kipimo hicho, kuigawana shaba ile kulikuwa haki.